Tuitambue Mashua Kabla ya Kuifufua

Mashua ya zamani ya mvuke ya mfano, ya bati na shaba, ikifika mezani kwa fundi, kishawishi cha kwanza ni msasa. Kutu itoke, rangi mpya iingie, mrija uliopasuka ulehemiwe, mwenye mali aondoke akitabasamu. Nasema kazi hiyo, hata ikifanywa na mikono hodari, mara nyingi hukiua kitu inachodai kukifufua, kwa sababu hufuta ushahidi wa kilikotoka kabla mtu hajausoma. Na msiniambie Arusha haina bahari wala ziwa la kupitisha meli. Miteremko ya Meru ilikaliwa na walowezi wa Kijerumani tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita hivyo, na tena baada ya 1939, mashamba na mali za Wajerumani zilishikwa kama mali ya adui na nyingi zikauzwa. Vyombo vya nyumba za namna hiyo hutawanyika bila karatasi. Chombo kisicho na karatasi kikifika kwenye maduka ya vinyago ya mjini, kutoka hapo hadi uwanja wa ndege wa KIA, na nje ya nchi, ni safari fupi.

Bila karatasi, chombo chenyewe ndicho karatasi. Kampuni ya vichezeo ya Bing, ya Nürnberg nchini Ujerumani, ilitumia chapa ya GBN hadi karibu na mwisho wa Vita vya Kwanza, kisha ikahamia BW, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikafilisika. Carette, ya mji huohuo, ilifungwa mwaka 1917. Bowman ya Uingereza iliuza mashua zenye mwili wa mbao. Chapa hizo mara nyingi ni rangi nyembamba tu, na dakika mbili za msasa zinatosha kuzimaliza. Nyuzi za skrubu nazo zinasema mengi: za Whitworth, za Kiingereza, zina pembe ya digrii 55, zile ndogo za BA, walizozipenda Waingereza kwenye mashine ndogo, zina 47.5, za metriki zina 60. Fundi anayetoboa tundu upya ili liingie skrubu ya dukani ya milimita tatu amelificha jibu la swali ambalo bado halijaulizwa. Hata rangi ya zamani, tabaka juu ya tabaka, inaonyesha mashua ilipakwa mara ngapi na rangi ipi ilitangulia.

Sura ya nje haitoshi kuwa ushahidi, na historia yetu wenyewe inalithibitisha hilo. Meli ya Ziwa Tanganyika tunayoiita Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, katika karakana ya Meyer, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma, na ikashushwa majini mwaka 1915. Ilifungwa mzinga uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg iliyozamishwa Rufiji. Mwaka 1916 mzinga huo uliondolewa, na mahali pake pakawekwa wa bandia wa mbao. Adui aliyetazama kwa darubini aliendelea kuuogopa. Mwezi Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi wakiwa wameipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mtu akisema leo kwamba anataka kuirudisha meli hiyo ilivyokuwa, ana haki ya kuulizwa: ilivyokuwa lini?

Hapo wapo watakaonigeuzia kibao. Liemba iling'olewa injini za mvuke katika miaka ya 1970 na kufungwa za dizeli, mbona hatukulia? Swali ni la haki. Liemba ilikuwa kazini. Abiria wa Kigoma na Kasanga walipaswa kufika, na mwaka 2015 ni meli hiyohiyo iliyowatoa wakimbizi wa Burundi Kagunga. Meli ya kazi ina ruhusa ya kubadilika, tena mabadiliko yake yanajulikana. Mashua ya mfano haimbebi mtu. Shehena yake yote ni habari iliyomo ndani yake.

Pingamizi zito zaidi ni la wapenzi wa mitambo: mashine isiyotoa mvuke ni maiti. Nawaelewa, ila boila ya zamani iliyolehemiwa kwa risasi si ya kuchezewa. Maji yakiisha na moto ukiwaka, kiungo huyeyuka. Na iliyofungiwa asbesto humdhuru anayeikwaruza. Ijaribiwe kwanza kwa shinikizo la maji baridi. Ikishindwa, itengenezwe mpya kwa vipimo vilevile, na ya zamani ihifadhiwe pamoja na maelezo yake. Mashua itatembea, na ushahidi utabaki.

Wengine watasema vichezeo vya mkoloni havistahili jasho letu. Lakini kukitambua kitu si kukisujudia. Ni kujua nani alikileta, alikiacha kwa nini, na nani anakiuza sasa. Tusitegemee sheria itufanyie kazi hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mipaka yake kwenye vitu vilivyotengenezwa hapa nchini kabla ya 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Mashua ya Nürnberg ya mwaka 1910 iko nje ya mipaka hiyo, isipokuwa waziri atangaze vinginevyo, na sijui waziri atakayeanza na kichezeo. Kwa hiyo kazi inaangukia kwetu. Jiji hili la Arusha lina taasisi ya uhandisi ya TEMDO, lina Chuo cha Ufundi Arusha, na lina makumbusho ndani ya Boma la kale la Wajerumani. Mwanafunzi mwenye kalipa, kipimo cha nyuzi na kamera ya simu anaweza kukiandikia chombo kama hiki kurasa chache za vipimo, chapa na picha, nakala moja ikabaki Boma na nyingine ikaenda na mwenye mali, kisha ndipo fundi achukue msasa.