Nani Aliyechonga? Dhidi ya Uhakiki wa Jina Moja

Imezoeleka kuandikwa, kila maonyesho ya uchongaji wa ushirika yanapofunguliwa, kwamba wasanii wakikutana juu ya jiwe moja lugha zao huyeyuka zikawa lugha moja. Kauli hii ni tamu masikioni, lakini haina mashiko, na madhara yake hayaishii kwenye nadharia.

Anayetaka kuipima asafiri kusini mwa Homa Bay hadi Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori. Kuta zile, ambazo inakisiwa zilijengwa katika karne ya 16 na ambazo UNESCO iliziorodhesha katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, hazina chokaa wala saruji. Uso wa nje na uso wa ndani ulijengwa kila mmoja kivyake; kinachoshikanisha ni mawe ya katikati. Jamii zilizofuatana pale zilikarabati kazi ya watangulizi wasiowajua. Kila mkarabati alilazimika kwanza kufasiri: jiwe hili liliwekwa hapa kwa nini? Huo ni uhakiki uliofanywa kwa mikono, na ukuta umesimama bila nyuso zile mbili kuwa kitu kimoja.

Tuje Tabaka, kwa majirani Abagusii. Jiwe la sabuni huchimbwa na mmoja, huchongwa na mwingine, kisha hupelekwa kusuguliwa kwa maji na msasa, kazi ambayo mara nyingi ni ya wanawake. Wahakiki wetu huiita "umaliziaji". Tunapinga istilahi hiyo. Anayesugua ndiye anayeamua ukingo upi ubaki mkali na upi ulainike, na alama ipi ya patasi ifutwe. Yeye ni msomaji wa kwanza wa kazi ile, tena msomaji mwenye uwezo wa kuibadilisha. Hata hivyo, kinyago kikifika kwenye jumba la sanaa, kibandiko hubeba jina moja, kama lipo.

Linganisha na kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa, ule unaohusishwa na Yakobo Sangwani: watu wamebebana juu ya gogo moja la mpingo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kilisomwa kama nembo ya umoja, ilhali mara nyingi kilikuwa kazi ya mtu mmoja! Hivyo cha mmoja tumekiita cha wote, na cha wengi tumempa mmoja.

Patakuwa na atakayetukumbusha kwamba Roland Barthes alikwisha kutangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, basi majina ya nini? Jibu letu ni fupi. Hufa aliyezaliwa. Msuguaji wa Tabaka hajaingizwa bado katika daftari la waliozaliwa, naye hulipwa kulingana na nafasi hiyo.

Kwa hiyo vibandiko viandikwe upya: nani alichimba, nani alichonga, nani alisugua, na zaidi ya hayo, walipingana wapi. Mchongaji alitaka shingo ndefu na jiwe likamkatalia? Msuguaji aliondoa jicho ambalo mwenzake alilipenda? Katalogi isiyotueleza hayo isituambie kwamba wasanii hao walizungumza.