Kazi iko kwenye kamati



Tumezoea kumpigia simu MCA barabara ikishaharibika. Lakini fedha hugawanywa mapema: serikali ya kaunti hupeleka makadirio katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na kamati ya bajeti huyachambua na kusikiliza wananchi kabla ya bunge zima kuyapitisha. Mwaka jana tulifika wawili tu, na zahanati yetu ikakosa tangi la maji. Hapo hatuna wa kulaumu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinaagiza vikao vya kamati viwe wazi kwa umma. Safari hii twendeni wengi, maoni yetu yakiwa yameandikwa. Anayekosa nauli amwambie katibu mapema.

Kamati ya Tawi