Vepu mfukoni, karao mbele yako: Kosa ni lipi hasa?

Chukua mfano huu. Ni Ijumaa jioni mjini Karatina, steji imejaa na watu wanang'ang'ania mathree za Nyeri na za Nairobi. Kijana wa miaka 22 anayesubiri gari anatoa vepu yake, anavuta mara moja, na wingu jeupe lenye harufu ya embe linapaa. Maafisa wawili wa polisi wanageuka. "Hiyo unavuta ni nini? Si bangi hiyo?" Kijana anacheka. Anawaambia ni ladha tu, vepu si sigara, kwa hivyo sheria haimhusu. Dakika tano baadaye yuko ndani ya gari la polisi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini ukiuliza wenzako hutakosa anayejua wa aina yake. Na ukiuchunguza vizuri, utaona kwamba pande zote mbili zimekosea kitu. Afisa hana njia ya kujua kilichomo kwenye kifaa kile kwa kunusa tu. Naye kijana amejidanganya kwamba kwa kuwa hakuwasha kiberiti, yuko huru. Katikati yao kuna sheria yenye pengo, na pengo hilo ndilo linalogeuza mazungumzo ya dakika mbili kuwa usiku wa seli, au kuwa noti inayopita mkononi kimyakimya.

Serikali moja, majibu mawili

Sheria kuu ya Kudhibiti Tumbaku nchini Kenya ni ya mwaka wa 2007. Wakati huo sigara za kielektroniki zilikuwa bado ngeni hapa kwetu, na sheria hiyo haizitaji kwa jina. Inachotaja ni bidhaa za tumbaku, yaani chochote kilichotengenezwa kwa tumbaku yote au sehemu yake, pamoja na kile kinachokamuliwa kutoka kwa majani yake.

Hapo ndipo mvutano unapoanza. Anayetetea vepu atasema haichomi tumbaku, inapasha moto maji ya ladha tu. Anayempinga atauliza: hiyo nikotini iliyomo ilitoka wapi kama si kwenye jani la tumbaku? Hoja zote mbili zina uzito, na steji si mahali pa kuziamua.

Lakini ukienda upande wa ushuru, vepu inajulikana kwa jina lake. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka Sh3,000 kwa kila sigara ya kielektroniki na Sh2,000 kwa kila katriji. Desemba 2024, ushuru wa nikotini ya maji ya vifaa hivi ulipandishwa kutoka Sh70 hadi Sh100 kwa kila mililita. Kwa maneno mengine, mkono wa serikali unaokusanya pesa unaijua vepu hadi tone la mwisho, ilhali sheria ya afya inayotegemewa barabarani haijaitamka.

Si mara ya kwanza kuona hali hii. Mwaka wa 2019 vifuko vya nikotini, vile vya kuweka chini ya mdomo, vilisajiliwa hapa nchini kama bidhaa ya dawa. Mwaka uliofuata Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya na ambaye watu wa Nyeri wanamkumbuka kama seneta wao wa zamani, alisema usajili huo ulikuwa kinyume cha sheria na kwamba bidhaa hiyo ilipaswa kufuata sheria ya tumbaku. Bidhaa ileile, ofisi mbili za serikali, tafsiri mbili.

Majirani zetu Uganda walichagua njia fupi. Sheria yao ya tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku kabisa sigara za kielektroniki. Kwa hivyo kifaa unachobeba bila wasiwasi ukiwa Karatina kinaweza kukutia matatani ukishavuka mpaka Busia au Malaba. Hapa kwetu, Seneta mteule Catherine Mumma aliwasilisha mswada katika Seneti mwaka wa 2024 ili sheria ya tumbaku izitaje bidhaa hizi mpya waziwazi. Nia ya mswada huo ni kuziba pengo tunalolizungumzia hapa.

Makosa matatu yanayochanganywa

Polisi wakikusimamisha ukiwa na vepu, kuna mambo matatu tofauti yanayoweza kuwa akilini mwao, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni kuvuta mahali pa umma. Sheria ya 2007 inakataza matumizi ya tumbaku katika hospitali, shule, mikahawa, baa, magari ya abiria na vituo vyake, na hata masokoni. Kwa mtu wa Karatina, ambako soko ndilo moyo wa mji, hiyo ni sehemu kubwa ya mahali unapopita kila siku. Adhabu yake haizidi faini ya Sh50,000 au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Hata kama unaamini vepu yako haimo katika sheria hiyo, kuivuta ndani ya matatu au katikati ya soko ni kujitafutia kesi ambayo hakimu ndiye atakayeiamua. Tena ni kuwapulizia wengine kitu ambacho hawakukiomba.

La pili ni umri. Ni kosa kumuuzia au kumpa mtu wa chini ya miaka 18 bidhaa ya tumbaku. Hapa anayeangaliwa kwanza ni muuzaji au aliyempa, wala si mtoto aliyepatikana nayo. Ukiwa na miaka 20 na unampitishia mdogo wako vepu "ajaribu tu", ujue unasimama upande wa muuzaji.

La tatu, na zito kuliko yote, ni dawa za kulevya. Sheria ya mwaka wa 1994 inafanya kumiliki bangi, hata ya matumizi yako mwenyewe, kuwa kosa linaloweza kukufunga kwa miaka. Na tusijifanye hatujui: kuna vepu zinazojazwa mafuta ya bangi. Nchini Marekani, kati ya 2019 na mapema 2020, zaidi ya watu 2,800 walilazwa hospitalini au kufariki kutokana na ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na vepu, na waliofariki walikuwa 68. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye mafuta ya bangi yaliyochanganywa na aina fulani ya mafuta ya vitamini E. Afisa anayekushuku hajatoa wazo hilo hewani.

Tatizo ni kuruka kutoka shaka hadi hukumu. Harufu ya embe haithibitishi kuwa ni bangi, wala haithibitishi kuwa si bangi. Anayeweza kusema ni Mkemia wa Serikali baada ya kupima kilichomo. Bila ripoti hiyo, neno "bangi" linabaki tuhuma tu. Lakini ni tuhuma inayotisha sana kiasi cha kumfanya kijana akubali chochote, alipe chochote, ili aende nyumbani.

Kwa nini huku kuna macho mengi

Anayeshangaa kwa nini polisi wa Mlima Kenya wana haraka na chochote kinachonuka kama ulevi akumbuke mambo yaliyotokea hapa. Februari 2024 watu wasiopungua 17 waliripotiwa kufariki katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, baada ya kunywa pombe haramu. Mwezi uliofuata, wizara ya usalama ikatoa msururu wa maagizo dhidi ya pombe haramu na dawa za kulevya. Rigathi Gachagua, mbunge wa zamani wa Mathira ambayo Karatina imo ndani yake, alikuwa Naibu Rais wakati huo na aliifanya vita hiyo kuwa ajenda yake kuu katika eneo hili. Wazazi wengi waliunga mkono, na walikuwa na sababu. Walikuwa wamezika watoto wao.

Katika hali kama hiyo, afisa anapimwa kwa idadi ya waliokamatwa. Kijana mwenye wingu la mvuke usoni ni rahisi kukamata kuliko mwenye kiwanda cha pombe kilichofichwa shambani.

Somo la shisha

Tuna mfano wa karibu wa kinachotokea serikali ikikamata kwanza na kukamilisha sheria baadaye. Desemba 2017, Cleopa Mailu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alipiga marufuku shisha kwa kanuni za afya ya umma. Wafanyabiashara wakaenda kortini. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu haikuiondoa marufuku hiyo, lakini iliitaka wizara irekebishe kanuni hizo kwa kufuata utaratibu, na ikaipa miezi tisa.

Wakati huo wote watu waliendelea kukamatwa. Kisha Septemba 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikasema marufuku haikuwa na nguvu kisheria kwa kuwa wizara haikutimiza lililotakiwa, na ikawaachilia watu 48 waliokuwa wamekamatwa Januari mwaka huo. Uamuzi wa hakimu wa Shanzu haufungi mahakama zote nchini, na mamlaka ya NACADA ilishikilia kwamba marufuku bado ipo. Lakini wale 48 walikuwa wamebeba kesi hiyo mgongoni kwa miezi minane.

Ndiyo maana pengo la vepu si jambo la wanasheria pekee. Gharama yake inalipwa na aliyeko steji.

Ukisimamishwa, fanya hivi

Usikimbie na usitupe kifaa. Mtu anayekimbia ameshajibu swali kabla hajaulizwa. Usicheke wala usianze kuhutubu kuhusu mvuke na moshi. Ongea kwa heshima: "Afande, naomba nijue kosa langu ni lipi." Hilo swali ni haki yako. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema anayekamatwa lazima aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Anaruhusiwa kunyamaza, kuwasiliana na wakili na jamaa zake, na hawezi kulazimishwa kukiri. Akijibu "kuvuta mahali pa umma" au "bangi", angalau unajua unazungumzia kosa gani kati ya yale matatu. Soma na ukumbuke jina au nambari iliyo kwenye sare. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Hilo pia ni sheria.

Mkifika kituoni, hakikisha kifaa chako kimeandikwa kwenye OB, na uombe nambari ya OB. Kama tuhuma ni bangi, sema wazi kwamba unataka kipimwe na Mkemia wa Serikali. Usitie sahihi maelezo ambayo hukuyasoma.

Sasa sikiza hii, kwa sababu wengi hawaijui. Katiba inasema mtu hatarudishwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la kuvuta mahali pa umma limo humo. Bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu inarudishwa, mradi uhudhurie kesi, na lazima upewe risiti. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, ni hadi siku inayofuata ya kazi. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni kunauma: bila bondi, unaweza kulala ndani hadi Jumatatu.

Jumatatu hiyo ndiyo hatari. Umechoka, hujaoga, na mtu anakunong'onezea ukubali kosa ulipe faini uende. Ukikubali shtaka la bangi ambayo haikupimwa, umejifunga mwenyewe. Rekodi hiyo itakusubiri siku utakayoomba cheti cha tabia njema kutoka DCI ili upate kazi, na hakuna atakayeuliza kama ilikuwa ladha ya embe.

Na "chai" je? Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa kama anayepokea. Ukilipa, hujamaliza kesi. Umeongeza nyingine ambayo haina risiti. Ukidaiwa pesa, andika saa, mahali na nambari ya afisa, kisha upige 1551 ya EACC au 1559 ya IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi. Zote mbili ni za bure.

Kazi iliyobaki ni ya nani?

Hakuna lolote hapa linaloifanya vepu kuwa kitu salama. Nikotini inashika, na inashika vijana haraka zaidi kuliko wazee. Kama unaweza kuiacha, umejiondolea shida mbili kwa mpigo, ya mapafu na ya karao.

Lakini kumwachia kijana na afisa wa doria wabishane kuhusu maana ya sheria ya 2007 si haki kwa yeyote kati yao. Bunge limekuwa likitoza vepu ushuru kwa jina tangu 2015, kwa hivyo haliwezi kusema halikujua ipo. Kinachohitajika ni sheria inayosema wazi nani anaruhusiwa kununua, wapi hairuhusiwi kuvutwa, na polisi wakishuku dawa za kulevya wafuate utaratibu gani kabla ya kumfungulia mtu mashtaka. Wabunge na maseneta wa huku wanapokuja kwenye mikutano Karatina, Othaya na Nanyuki, wanaulizwa kuhusu majani chai, kahawa na barabara. Kijana akisimama amuulize pia kuhusu hili, atakuwa ameuliza jambo la maana.