Acheni Kututisha na Nadharia ya K

Jamani, leo nina neno na walimu wa hisabati. Mchana naandika programu, jioni nasomea uzamili, na tangu niseme nataka kujifunza nadharia ya K ya aljebra, ushauri ni ule ule: kamalize topolojia kwanza, usome makala ya Daniel Quillen ya 1973, ndipo uguse K yoyote. Mbona hivyo? Madrasa huanza na alifu, haianzi na tafsiri.

Mwenzangu mmoja, mwenye kichwa chepesi kuniliko, alitii. Muhula mzima hakukokotoa hata K moja. Siku hizi yuko benki, anaandika programu za mikopo.

Alifu ya somo hili ni K0, aliyoianzisha Alexander Grothendieck mwaka 1957 (herufi K inatokana na neno la Kijerumani Klasse). Wazo lenyewe si geni. Mtoto hawezi 3 kutoa 5 mpaka umtengenezee namba hasi. Basi chukua ringi, kusanya moduli zake projektivu zenye vizalishi vyenye kikomo, yaani vile vipande ambavyo ukivijumlisha na vingine unapata moduli huru. Kujumlisha kupo, lazimisha na kutoa kuwepo. Hiyo ndiyo K0.

Sasa shika kalamu. Kwa namba kamili, K0 ni namba kamili zenyewe, hakuna jipya. Lakini jaribu namba za umbo a + b√−5, ambapo a na b ni namba kamili. Humo 6 ni 2 × 3, na pia ni (1 + √−5)(1 − √−5), na hakuna kipande kinachovunjika zaidi! K0 ya ringi hii ni namba kamili pamoja na kikundi kidogo cha memba wawili, na kikundi hicho ndicho kinachopima hitilafu hiyo. Aliyeliona hili kwa mkono wake ataitafuta topolojia mwenyewe, bila kiboko.

Watasema K za juu zinamhitaji Quillen. Sikatai, Nishani ya Fields ya 1978 aliistahili. Lakini kitabu cha John Milnor cha 1971 kinaishia K2, na kinasomeka bila yeye. The K-book cha Charles Weibel, cha 2013, kinaanza na moduli projektivu, kisha K0, kisha K1 na K2. K za juu zinangoja hadi sura ya nne.