Kabla Usifu Treni Ndefu, Uliza Daraja

Wasee, kila mtu anapenda kuhesabu makontena treni imebeba. Hakuna anayeuliza daraja linasemaje.

Pale makumbusho ya reli Nairobi kuna injini ya mvuke inaitwa Mount Gelai. Tani 252! Ukiiona unadhani ingevunja kila daraja. Lakini ilipiga kazi njia ya Mombasa miaka mingi. Siri ni kwamba uzito umegawanywa kwa ekseli 14, na hakuna ekseli inakanyaga reli kwa zaidi ya tani 21 hivi. Daraja fupi halibebi treni nzima. Linabeba zile ekseli ziko juu yake saa hiyo.

Kwa hivyo mzigo mzito kupita kawaida unapigiwa hesabu daraja kwa daraja kabla utoke. Hapa pita, hapa punguza kasi, hapa usijaribu.

Lakini hesabu ya jana haitoshi. Januari 1993 mafuriko yalibeba daraja la Ngai Ndethya, treni ya abiria ikaingia mtoni, watu zaidi ya 100 wakafa. Haikuwa uzito, ilikuwa maji. Ila maji yakishakula msingi, hata tani zilizozoeleka zinakuwa nyingi mno.

Mimi nataka kitu kimoja: kila daraja la reli, wananchi waonyeshwe linabeba tani ngapi kwa ekseli na lilikaguliwa lini mara ya mwisho. Kukata utepe ni siku moja. Kukagua ni kila msimu wa mvua, hata kama hakuna kamera.