Kwa nini wakubwa huogopa hadithi? Kisa cha kitabu kilichotafutwa na polisi

Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania. Kwa takriban siku tano, mtu wa Vwawa, Mlowo au Tunduma alikuwa na simu yenye chaji na pengine bando, lakini WhatsApp haifunguki na habari hazisomeki. Kilichobaki ni redio na maneno ya kijiweni.

Mtandao ulirudi, lakini swali limebaki: kwa nini mwenye mamlaka afikie hatua ya kuzuia watu kusoma na kuambiana? Swali hili ni la zamani. Waandishi wa hadithi wamelishughulikia kwa miaka mingi, hasa katika riwaya zinazosimulia nchi ya kubuni ambako ukweli umefungiwa, mpaka mtu mmoja anapofumbuka macho. Afrika Mashariki tunazo riwaya hizo, na nyingine zimewaletea matatizo wenyewe walioziandika.

Mtuhumiwa asiyekuwepo

Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki Mei 28, 2025, alikamatwa Desemba 31, 1977 na kuwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Mwaka huohuo kilikuwa kimetoka kitabu chake cha Kiingereza kinachowakosoa vikali wakubwa, na hakikumpeleka gerezani. Kilichompeleka ni mchezo wa kuigiza wa Kikuyu, uliochezwa na wakulima na vibarua wenyewe huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Maneno yaleyale yakisemwa kwa lugha ya wachache yalivumilika. Yaliposemwa kwa lugha ya kijijini, yakawa hatari.

Mwaka 1986, akiwa uhamishoni, alitoa riwaya ya Kikuyu iitwayo Matigari. Ni hadithi ya mpiganaji anayetoka msituni baada ya vita vya uhuru. Anafukia silaha zake, anajifunga mkanda wa amani, anarudi nyumbani kwake. Anakuta nyumba aliyoijenga kwa mikono yake imeshikwa na mtoto wa mlowezi akishirikiana na mtoto wa mtumishi wa mlowezi huyo. Ndipo anaanza kuzunguka nchi nzima akimuuliza kila anayekutana naye: ukweli na haki vinapatikana wapi?

Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, mapema mwaka 1987 wapelelezi walipeleka taarifa kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anapita vijijini akiuliza maswali hayo. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walipotafuta wakagundua kuwa mtu huyo yumo kitabuni tu. Basi wakakigeukia kitabu: Februari 1987 nakala zikachukuliwa madukani.

Kisa kinachekesha. Lakini tukikitazama vizuri, wapelelezi hawakukosea kabisa. Matigari hakuwepo, ila swali lake lilikuwepo, na lilikuwa midomoni mwa watu.

Redio ndani ya hadithi

Katika riwaya hiyo kuna redio ya serikali inayoitwa Sauti ya Ukweli. Kila mara inatangaza nani amekamatwa na nini kimepigwa marufuku. Jina lake ni kinyume cha kazi yake. Sisi tunaofanya kazi redioni tunapaswa kusoma kurasa hizo kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwingereza George Orwell alitangulia kuandika jambo kama hilo. Katika riwaya yake ya mwaka 1949 iitwayo Nineteen Eighty-Four, Wizara ya Ukweli ndiyo inayofuta na kuandika upya magazeti ya zamani, ili aliyesema jana asionekane kusema uongo leo. Riwaya yake nyingine, Animal Farm, inajulikana zaidi kwetu kwa sababu Fortunatus Kawegere aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, ikachapishwa mwaka 1967.

Humo wanyama wanamfukuza mwenye shamba na kuandika amri zao ukutani. Nguruwe wanaoshika uongozi wanazibadilisha moja baada ya nyingine. Farasi jike anakumbuka kwamba amri moja haikuwa hivyo, lakini hajui kusoma vizuri. Anamwomba mbuzi amsomee. Mbuzi anasoma kilichopo ukutani, na farasi anadhani kumbukumbu yake ndiyo mbovu.

Yupo pia punda. Huyu anajua kusoma sawasawa na nguruwe yeyote, ila amechagua kukaa kimya. Siku farasi mchapakazi wa shamba, aliyeishiwa nguvu, anapopakiwa kwenye gari eti anapelekwa hospitali, punda anapasa sauti na kusoma maandishi ya ubavuni: ni gari la mchinja farasi. Wote wanalikimbilia, lakini limeshaondoka. Kwa wengi wetu punda huyo ndiye anayeuma zaidi, kwa sababu yeye alijua.

Macho hufumbuka namna gani?

Katika hadithi hizi, hotuba ndefu si njia ya kumwamsha mtu. Huamka pale alichokiona kwa macho yake kinapokataa kulingana na alichotangaziwa. Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alitumia safari kueleza hilo. Katika riwaya yake ya Kiswahili ya mwaka 1995, mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani katika chombo. Hafi. Anafika kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa, na akiwa huko ndipo anaanza kuiona kwao ilivyo. Sayari hiyo inaitwa Walenisi. Litamke polepole: wale ni sisi.

Udhibiti hauanzii Ikulu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ni hadithi ya binti aliyelelewa na baba mkali anayemchapa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti hakuelezwa kitu, alizuiwa tu. Alipofika shule ya bweni akawa huru bila maarifa, na maisha yake yakaharibika. Kitabu chenyewe kilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikarudishwa, na wanafunzi wa sekondari wakakisoma kwa ajili ya mtihani. Kilichohesabiwa sumu kikawa somo, bila hadithi kubadilishwa.

Makatazo hayalingani

Kusema kila katazo ni uonevu si kweli. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa maelezo kwamba maudhui yake hayaendani na mila na maadili. Mzazi anaweza kukubali au kupinga, lakini sababu ilitajwa na kumlinda mtoto ni jambo linaloeleweka.

Tazama kisa kingine. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo, na BASATA ikaufungia. Muda mfupi baadaye Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walifurahi. Lakini uhuru unaotolewa kwa neno la mtu mmoja unaweza kuondolewa kwa neno lake vilevile.

Mwaka 2025 ulikuwa na mengi: mtandao wa X ulizuiwa kuanzia Mei, JamiiForums ikafungiwa siku 90 mwezi Septemba, kisha ikaja Oktoba 29. Unaposikia katazo jingine, maswali matatu yanasaidia. Analindwa nani, mtoto au mkubwa? Sababu imeelezwa wazi kwa mujibu wa sheria? Na je, aliyefungiwa ana pa kukata rufaa?

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Kwa watu wa mkoa wetu, ambao Nakonde ya Zambia iko ng'ambo tu ya Tunduma, maneno hayo yana uzito wa kila siku.

Haki hiyo ina wajibu wake. Ujumbe ukiingia kwenye simu yako, jiulize nani aliona, wapi na lini, kabla ya kuusambaza. Tuulize hivyohivyo hata sisi redio. Na kama unaweza kusoma maandishi ya ubavuni mwa gari, wasomee jirani zako mapema.