Mwenye Njaa Hana Miiko



Mwezi huu tunataka kusema neno juu ya jambo ambalo wagonjwa wa kisukari hulitaja kliniki kila mara, lakini mashauri mengi hulipita haraka: njaa. Mgonjwa hupimwa, hupewa vidonge, huambiwa apunguze ugali na aache sukari, kisha hushuka zake Milepa. Akirudi baada ya mwezi mmoja, sukari iko palepale au imepanda, na watu husema huyu ni mkaidi. Sisi tunaona kwamba mara nyingi si mkaidi, bali ana njaa. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mtu aliyelala na tumbo tupu siku tatu, siku ya nne atakula chungu kizima.

Zamani kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa matajiri wa mjini. Uchunguzi wa Dokta McLarty na wenzake katika vijiji 6 vya Tanzania, uliotangazwa mwaka 1989, ulikuta ugonjwa huu kwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 hivi kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikuwa zilezile, lakini ni wazi kwamba ugonjwa umeingia hata kwa mkulima na mvuvi. Hivyo mashauri yetu lazima yaweze kufuatwa na mkulima na mvuvi.

Njaa si moja

Kwanza ipo njaa ya sukari nyingi. Insulini ni kama ufunguo wa kihenge. Ufunguo ukipotea, mahindi yamejaa ndani na watoto wanalia njaa nje. Ndivyo ilivyo katika mwili: damu imejaa sukari, lakini nyama za mwili hazipati chakula. Mgonjwa anakula sana, anakunywa maji sana, anakojoa sana, na bado anakonda. Huyu asiambiwe apunguze chakula tu. Arudi hospitali apimwe, pengine dawa haitoshi au anahitaji insulini. Tena apimwe na kifua kikuu, kwa sababu mwenye kisukari hukipata kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine.

Pili ipo njaa ya sukari kushuka, nayo ni ya hatari. Huwapata hasa wanaochoma insulini au kumeza vidonge kama glibenklamaidi, wakakosa kula, wakalima kutwa nzima, au wakanywa pombe tumbo likiwa tupu. Njaa huja kwa ghafula, na jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hata kusema maneno yasiyoeleweka. Wengine hudhani amelewa au amerogwa. Apewe mara moja vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, au soda ya kawaida. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu arudiwe. Kisha ale chakula. Akiwa amezimia, msimtie kitu chochote kinywani. Mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitali. Aliyemeza glibenklamaidi apelekwe hata akizinduka, maana sukari yaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Tatu ipo njaa ya kawaida ya mtu aliyepunguziwa ugali bila kupewa kitu mahali pake. Hii ndiyo inayovunja miiko, nayo dawa yake iko jikoni.

Kushinda njaa si matibabu

Kabla insulini haijapatikana, waganga wakubwa wa Marekani walitibu kisukari kwa njaa. Binti mmoja, Elizabeth Hughes, ambaye baba yake alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, aliishi hivyo miaka mitatu. Alipofikishwa kwa Dokta Banting huko Kanada mwezi Agosti 1922, alikuwa karibu kutimiza miaka 15, na uzito wake kilo 20 hivi. Alipewa insulini, akala, akanenepa, akaishi hadi mwaka 1981. Wakati ule njaa iliwekwa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Leo njia ipo.

Wengine watatuuliza: mbona tunasikia kwamba kula kidogo sana huondoa kisukari? Ni kweli kwa sehemu. Huko Uingereza, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba watu wanene wenye kisukari cha ukubwani, waliopewa chakula kidogo sana kwa miezi 3 hadi 5, karibu nusu yao sukari ilirudi chini bila dawa kwa mwaka ule wa kwanza. Lakini walisimamishiwa vidonge vya kisukari siku ya kwanza, na wahudumu waliwafuatilia kwa karibu. Anayejinyima chakula nyumbani huku akiendelea kumeza vidonge vilevile anajitafutia kuzimia. Tena huku kwetu wagonjwa wengine ni wembamba. Kumpunguzia chakula mtu aliyekwisha konda ni kumdhuru.

Ale nini ashibe?

Sahani ya mgonjwa igawanywe hivi: nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au dagaa, na robo iliyobaki iwe ugali, kiasi cha ngumi yake. Majani ya maboga, matembele, mchicha na mlenda hayana bei kubwa, na yanajaza tumbo. Aanze na mboga na maharage, ugali ufuate, ale polepole, maana shibe huchelewa kufika.

Unga wa dona ni bora kuliko sembe, lakini nao upimwe. Ugali wa ulezi nao upimwe vilevile. Wanaodhani ulezi ni dawa ya kisukari wanakosea. Uji mwepesi huteremka haraka, sukari hupanda, na baada ya muda mfupi njaa inarudi. Makande yenye maharage mengi hukaa tumboni zaidi. Njaa ikimjia katikati ya siku, ale karanga kiasi cha kiganja au tunda moja zima, wala si maji ya matunda. Asali nayo ni sukari. Asiruke mlo, na akienda shamba la mbali achukue chakula na sukari kidogo mfukoni.

Chungu kiwe kimoja

Hapa ndipo tunaposema na jamaa za mgonjwa. Sisi tunakula pamoja katika sahani moja, na ni desturi nzuri. Lakini katika sahani ya pamoja hakuna anayejua amekula tonge ngapi. Mgonjwa amegewe ugali wake pembeni, akae palepale na wenzake. Asipikiwe chungu cha peke yake kama mtu aliyetengwa. Mboga nyingi na maharage vitawafaa baba, mama na watoto wote. Na ukimtembelea mgonjwa, usimlazimishe kula ili kuonyesha upendo, wala usimcheke akikataa.

Wakati wa Kwaresima wapo wanaofunga huku wamechoma insulini. Sheria ya Kanisa ya kufunga huwahusu wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na wagonjwa hawabanwi nayo. Aliye na shaka azungumze na paroko wake na muuguzi wake. Kuacha pombe kwa siku 40 ni sadaka njema pia, na itamsaidia.

Ndugu wasomaji, anayemwambia mgonjwa "punguza" bila kumwambia "ongeza nini" amemwachia njaa aende nayo nyumbani. Safari ijayo mkija kliniki, semeni wazi mnakula nini, saa ngapi, na njaa inawashika wakati gani. Wala msione haya.